Wacheni Kuuzia Watoto wa Watu Kampuni za Kongo

Nina kampuni Kongo. Si kuringa, ni kuungama. Iko Lubumbashi, imesajiliwa, ina namba ya rejista, ina namba ya kodi, ina mhuri, na mimi ndiye naitwa gérant, yaani meneja wake. Kwa sheria ya huko inaweza kuishi hadi miaka 99. Mimi nitakufa, nyinyi mtakufa, kampuni itakuwa bado iko. Na tangu izaliwe haijawahi kuuza hata Big G moja.

Ilinigharimu 140,000. Elfu themanini na tano kati ya hizo zilikuwa za mathee, zamu yake ya chama, zile alinipea nirudi nazo chuo nimalize mwaka wa tatu. Sikurudi. Nilimwambia, mum, digrii siku hizi ni karatasi tu. Halafu nikaenda nikanunua karatasi nyingine.

Hiyo ni hasara yangu na ningeinyamazia kama vile wasee wengi wananyamazia zao. Shida ni ile vidio. Mnaijua. "Kongo ndiyo Dubai mpya," mimi nimesimama rooftop ya watu Westlands na suti ya kuazima, watu laki tatu na kitu wakaitazama. Chini nilikuwa nimeweka nambari yangu ya punguzo ya yule mshauri aliyenisajilia. Kila mtu akilipa kupitia hiyo nambari, mimi napata elfu saba. Walilipa watu watano. Mmoja ni dem wa Kayole anayeuza mitumba, alinitumia meseji usiku akiniita "bro", ananiambia nimemfungua macho.

Kwa hivyo leo si siku ya kuchekesha mtu. Leo naongea na wale wanaouza hizi kozi, na ninaongea nikijua vizuri kwamba nilikuwa mmoja wao.

Wimbo wao ni mmoja. Kongo ina watu zaidi ya milioni mia. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Visa kati yetu na wao iliondolewa Septemba 2023. Wanaongea Kiswahili. Kampuni unafungua kwa siku tatu. Hakuna mtaji wa chini. Mgeni anamiliki asilimia 100, huhitaji mshirika Mkongo. Tuma elfu tano ya kwanza ujiunge na grupu.

Sasa sikizeni hii, maana hapa ndipo ujanja ulipo: hakuna uwongo hapo. Hakuna hata mmoja. Niliangalia sentensi moja moja baadaye nikitafuta mahali nilidanganywa ili niende nikalalamike, na sikupata. Kila kitu walichosema ni ukweli. Walinyamazia tu yale mengine yote.

Wacha tuanze na usajili wenyewe, tuwe fair. Kongo walifanya kazi nzuri hapo. Zamani kufungua kampuni ilikuwa kuzunguka ofisi baada ya ofisi, mhuri huku, saini kule. 2012 serikali ikaunda kaunta moja, Guichet Unique de Création d'Entreprise, na mwaka huohuo nchi ikaingia OHADA, ule muungano wa sheria za biashara wa nchi 17, nyingi zikiwa ni zile zinazoongea Kifaransa. Kwa hivyo ukifungua kampuni Kinshasa au Lubumbashi, sheria ya kampuni unayotumia ni ileile ya Dakar, Abidjan na Douala. Aina ambayo wengi wetu tunauziwa inaitwa SARL, inafanana na hii yetu ya "Limited". Unaweza kuwa mwenye hisa peke yako. Mtaji unaandika unaotaka. Unapeleka katiba ya kampuni, nakala ya pasipoti, cheti cha polisi, anwani, unalipa ada ya kaunta ambayo si pesa ya kutisha, wanakutoa na namba ya rejista wanayoita RCCM, kitambulisho cha kitaifa cha kampuni na namba ya kodi. Imeisha. Yule mshauri wangu hakunitapeli hapo. Alipeleka karatasi akarudi na karatasi. Tofauti ya ada ya kaunta na zile 140,000 ndiyo ilikuwa biashara. Biashara yake, si yangu.

Anwani pia aliniwekea. Sheria ya OHADA inasema makao ya kampuni hayawezi kuwa sanduku la posta peke yake, lazima iwe mahali panapojulikana. Kwa hivyo karatasi yangu ina jina la avenue na namba ya nyumba. Nilipofika Lubumbashi nikaitafuta. Ni nyumba ya familia. Kuna watoto walikuwa wanacheza mpira nje ya geti. Nilisimama hapo na begi langu nikiangalia makao makuu ya kampuni yangu, mtoto mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo.

Nilienda kwa sababu benki ilikataa. Ile "full package" ilikuwa na akaunti ya benki ndani yake, na ikageuka kwamba benki inataka kumwona meneja kwa macho, inataka mkataba wa nyumba wenye jina la kampuni, inataka kujua pesa inatoka wapi na biashara ni gani. Yaani inataka vitu vya kawaida ambavyo benki yoyote ya Nairobi ingetaka. Mshauri akasema si shida, pita tu mwenyewe, visa haipo. Nikauza kamera. Nikapanda ndege kupitia Addis na mabegi mawili, moja la nguo, moja limejaa viatu vya shanga vya Maasai Market na kava za simu, nikisema nikiwa huko nianze kuuza kidogokidogo niokoe nauli.

Na hapa wacha nikae kidogo.

Lubumbashi kuna mtaa unaitwa Kenya. Si utani, ni commune nzima, na ina soko lake. Mimi kwa akili yangu nikaona hiyo ni ishara kutoka mbinguni. Nikatandika viatu vyangu kando ya mama mmoja anayeuza vitenge. Nikamsalimia kwa Kiswahili changu cha Eastlands, akanijibu kwa chake, tukaelewana nusu. Kiswahili cha Katanga si hiki chetu. Pesa ni falanga, kuja ni kuya, na wanachanganya Kifaransa vile sisi tunachanganya Kizungu. Alikuwa mpole kabisa. Akaniuliza, papa, uko na patente? Nikamwambia niko na kampuni. Nikatoa simu nikamwonyesha RCCM. Akacheka. Si kicheko kibaya, kile cha mtu anayekuona mtoto.

Baadaye nilienda kusoma ndiyo nikaelewa alichekea nini. Kongo ina sheria ya Agosti 1990, ya wakati wa Mobutu, ya biashara ndogo. Biashara ndogo ni ya raia. Kile kibali cha mchuuzi, hiyo patente, anapewa Mkongo. Kuuza rejareja mezani, kutembeza bidhaa, kale kaduka kadogo ka mtaani, hiyo si ya mgeni. Ukiwa mgeni wanategemea uje na biashara kubwa: kuagiza kwa jumla, kiwanda, hoteli, mgodi. Kwa maneno mengine, RCCM yangu ilikuwa inaniruhusu kuwa tajiri, na ilikuwa inanikataza kile kitu kimoja ambacho pesa yangu ingeweza.

Yule mama hakuniitia polisi. Aliniambia nikunje, nimuuzie yeye vyote kwa jumla, auze yeye. Alinipa bei ya chini kidogo na sikuwa na la kusema. Dola mbili alizonipa moja ilikuwa imechanika kidogo pembeni, nikaichukua kwa sababu huku kwetu nani anaangalia. Huko dola iliyochanika hakuna mtu anaigusa. Nilirudi nayo Nairobi, iko kwa wallet hadi leo.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwa komenti: "Sheria ya kibaguzi! Na sisi ni EAC!" Buda, pole pole. Unakumbuka 2023? China Square? Duka moja la Mchina lilifunguliwa pale Unicity, Thika Road, likauza vyombo na sufuria kwa bei ya chini, na wafanyabiashara wetu wa Nyamakima na Kamukunji wakaingia barabarani Februari hiyohiyo na mabango. Walikuwa wanasema nini? Wachina waje wajenge viwanda, rejareja watuachie. Waziri wa biashara wakati huo, Moses Kuria, akasema hadharani atanunua ile lease apewe Wakenya. Tulipiga makofi. Nusu ya mtandao ulipiga makofi, mimi mwenyewe nilitengeneza klipu.

Sasa kile tulichokuwa tunalilia kwa mabango, Wakongo waliandika kwa sheria miaka thelathini na tatu mapema. Ni kitu kilekile. Sasa mbona kikiwa Nyamakima ni uzalendo na kikiwa Lubumbashi ni ubaguzi? Jibu ni rahisi na halipendezi. Sisi tukiangalia Kongo hatuoni nchi. Tunaona soko. Tunaona watu wa kuuziwa. Sikiliza tu lugha ya hizi kozi: "huko hakuna ushindani", "wale wasee hawajaamka", "ukiwa Mkenya huko wewe ni mfalme". Nani aliwaambia hawajaamka? Mama wa vitenge alikuwa anajua sheria yake kuliko mimi niliyelipa 140,000 kuwa mwekezaji.

Na kujiunga na Jumuiya hakufuti sheria za nyumbani kwa mtu usiku mmoja. Nchi inaingia, halafu kuna miaka ya kupanga ushuru, vibali, makaratasi. Hata visa yenyewe, ile iliyoondolewa ni ya kuingia kutembea. Kazi ni kitu kingine. Ukitaka kukaa uendeshe hiyo kampuni yako unahitaji kibali cha mgeni kufanya kazi na visa ya kukaa, na hizo hazimo kwa ile bei ya kozi. Hakuna mshauri anaimba hiyo sehemu.

Halafu kuna wimbo wa migodi. Huu ndio unauma zaidi kwa sababu unauzwa kwa wasee wenye pesa kidogo zaidi. Wanaambiwa: Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, huko ndiko kobalti ya dunia inatoka, kila betri ya simu inaanzia huko, wewe fungua SARL uwauzie migodi ovaroli, chakula, usafiri, ulinzi. Ni kweli Kongo inatoa sehemu kubwa sana ya kobalti ya dunia. Lakini Februari 2017 walipitisha sheria ya kandarasi ndogo. Kazi za kusambaza na kuhudumia zinazotolewa na kampuni kubwa zimetengewa kampuni zenye mtaji wa Wakongo walio wengi. Mgeni anaingia tu kama ule utaalamu haupatikani nchini, na kwa muda mfupi. Kuna mamlaka nzima inayosimamia hiyo. Ovaroli si utaalamu usiopatikana.

Nilimuuliza mshauri kuhusu hii nikiwa bado huko, kwa WhatsApp. Jibu lake lilikuja haraka, ungedhani ameliandika mara mia: "Tafuta Mkongo umweke jina." Yaani umlipe mtu awe na asilimia hamsini na moja kwa karatasi, wewe uwe mwenyewe kwa siri. Fikiria vizuri hapo. Kwanza huyo mtu kisheria ndiye ana kampuni. Siku mkikosana utaenda korti gani, na kwa lugha gani, ukadai kitu ambacho wewe mwenyewe uliandika si chako? Pili, huo ni mchezo uleule tunaolia nao hapa, wa Mkenya kuweka jina ili mgeni apate tenda iliyotengewa vijana. Tunauchukia ukifanyiwa sisi. Tukifanyia wenzetu tunauita "strategy".

Lugha nitaipitia haraka kwa sababu inaniaibisha. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa huko, sawa. Lakini karatasi ni Kifaransa. Katiba ya kampuni yangu ni Kifaransa. Niliisaini nikiwa Nairobi, kurasa zote, bila kuelewa hata moja. Ni mimi huyuhuyu ninayewaambia kwa vidio msisaini kitu msichosoma. Nilikuja kulipa mtu anisomee, ndipo nikajua kwamba mimi kama gérant naweza kushtakiwa mimi binafsi nikiendesha vibaya. Na kwamba shughuli za kampuni zimeandikwa kumi na moja, zikiwemo kilimo, ujenzi na "usafirishaji kwa mito na maziwa". Siwezi hata kuogelea.

Mtaniuliza, na Equity je? Na KCB? Hii ndiyo hoja wanayopenda, picha ya jengo la benki yetu Kinshasa halafu "kama wao wameweza, wewe ni nani?" Mimi nitakwambia wewe ni nani. Equity haikuenda kaunta na pasipoti na ndoto. 2015 ilinunua benki iliyokuwa tayari iko pale, ProCredit, halafu 2020 ikanunua nyingine kubwa, BCDC, ikaziunganisha. KCB ilinunua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank 2022. Walinunua leseni, matawi, wateja, mawakili wanaojua Kifaransa na miaka ya kujuana na serikali. Hawa ndio wawekezaji wa kigeni ambao sheria ya Kongo inawaongelea. Ile sheria yao ya uwekezaji ya 2002, inayokupa msamaha wa ushuru wa mashine na likizo ya kodi ya faida kwa miaka kadhaa, iliweka mstari kwa dola 200,000. Biashara ndogo na za kati zikawekewa wao, kuanzia dola 10,000. Ukiwa chini ya hapo hakuna anayekufukuza, ila pia hakuna anayekungojea uwanja wa ndege.

Na kabla hatujaanza kukasirika, sisi tunamwambia nini mgeni akija huku? Tunamwambia awe na dola 100,000 ndiyo apewe cheti cha uwekezaji. Ardhi tunampa kwa lease isiyozidi miaka 99, iko kwa Katiba, kifungu cha 65. Kongo ardhi yote ni ya serikali, raia anapewa haki ya kudumu, mgeni anapewa miaka 25 inayoweza kuongezwa. Kila nchi ina mlango wake wa wageni. Tofauti ni kwamba Mkongo anayekuja Nairobi anauliza mlango uko wapi. Sisi tunauziwa kozi inayosema hakuna mlango.

Siasa nazo. Wanaouza hizi kozi wanaongea kana kwamba pasipoti yetu huko ni kadi ya VIP. Desemba 2023 Corneille Nangaa alizindua muungano wake na M23 hapahapa Nairobi, na Kinshasa ikamwita balozi wake nyumbani. Aprili 2024 wafanyakazi wawili wa Kenya Airways walishikwa Kinshasa na jeshi, ndege zikasimamishwa kwa muda. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na siku hizohizo waandamanaji Kinshasa wakavamia balozi kadhaa, yetu ikiwemo. Februari ikawa Bukavu. Mimi nina rafiki aliyeuziwa "kifurushi cha Goma" kabla ya hayo, eti ndiyo mji wa karibu na rahisi. Baada ya mji kuanguka alipiga simu kuuliza pesa yake. Aliambiwa abadilishe mji, aongeze elfu ishirini.

Sisemi Kongo ni mbaya. Nataka hii isomwe vizuri kwa sababu najua itakatwa vipande. Watu walinikaribisha, nilikula bukari hadi nikachoka, nilipelekwa Kamalondo kuona uwanja wa Mazembe, na siku niliyougua tumbo jirani wa lodge aliniletea chai bila kuulizwa. Walionikosea hawako Lubumbashi. Wako Nairobi, na mmoja ana uso wangu.

Na biashara ya Kongo ipo kweli. Iko Eastleigh. Nenda uone. Wanunuzi kutoka Bunia, Butembo, Lubumbashi wanakuja hapahapa, wananunua nguo, viatu, mashuka, wanapakia, mizigo inaondoka. Mashariki ya Kongo miaka yote imekula kupitia Mombasa, Malaba na Kampala. Huyo mnunuzi ana patente yake, anajua mpaka wake, anajua nani wa kuongea naye. Wewe unahitaji duka dogo, au hata simu tu na msee wa duka anayekuamini, na uvumilivu wa kujifunza wanataka saizi gani na rangi gani. Dem wa Kayole tayari alikuwa anauza mitumba. Alikuwa hatua mbili kutoka kwa biashara ya Kongo bila kampuni yoyote. Mimi nikamtoa hapo nikamrudisha nyuma elfu sitini.

Hiyo hakuna mtu ataifanyia kozi, kwa sababu hakuna cheti cha kushika kwa picha.

Kama bado unataka kwenda kwa njia ya kampuni, na una pesa ya kweli, na una biashara ambayo tayari inasimama hapa, nenda. Lakini nenda kwanza bila kusajili. Kaa wiki tatu. Jifunze Kifaransa hata cha kusoma invoisi. Tafuta wakili wa huko mwenyewe, si wa kuletewa. Sheria za OHADA ziko wazi mtandaoni, bure, zisome hata kwa kutafsiriwa na simu. Muulize kwanza swali moja: hii biashara yangu mgeni anaruhusiwa kuifanya? Kila mtu huuliza "nasajilije". Mimi pia ndilo swali nililouliza.

Na nyinyi mnaouza. Siwataji majina, mnajijua, wengine tuko grupu moja. Nawaomba kitu kidogo sana. Kwenye ile slaidi yenu ya "mgeni anamiliki asilimia 100", ongezeni mstari mmoja chini: biashara ndogo ni ya raia, kandarasi za migodi ni za raia. Mstari mmoja tu. Kama bado mtauza baada ya huo mstari, basi uzeni, mimi nitanyamaza. Hamtauweka. Mnajua kwa nini hamtauweka.

Kuhusu kampuni yangu, wengi mmeuliza kwa inboksi kwa nini siifungi tu. Kuifunga kuna karatasi zake: uamuzi rasmi wa kuivunja, mtu wa kusimamia hesabu ya mwisho, tangazo, kuifuta kwa rejista. Niliitishwa bei ya hiyo kazi na ni kubwa kuliko ya kuifungua. Na wakati haijafungwa, ile namba ya kodi inahesabu. Hata kama hujauza kitu unatakiwa kupeleka tamko kwamba hujauza kitu. Kwa hivyo kuna mhasibu kijana pale Lubumbashi, mtu mwaminifu, ambaye mimi humtumia dola thelathini aandike kwa Kifaransa safi kwamba kampuni yangu haikufanya lolote.

Mathee anajua yote sasa. Nilimwambia Jumapili moja baada ya kanisa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama hiyo kampuni ina jina, nikamwambia nimeipa jina lake. Akanyamaza kwa muda, halafu akasema, "Basi usiiache na madeni huko kwa watu."

Wale watano, nimeanza kuwarudishia zile elfu saba saba nilizokula. Wawili nimemaliza. Dem wa Kayole ni wa tatu, nimemtumia elfu nne, tatu zimebaki, atazipata mwisho wa mwezi nikilipwa kazi ya harusi niliyoshuti kwa kamera ya kukodi. Ile vidio sijaifuta. Nimebadilisha maandishi ya juu na nimeondoa nambari ya punguzo. Ukiwa ulilipa kupitia mimi na hauko kwa hao watano, niandikie na risiti ya M-Pesa.